Paul Bomani na Mizani ya Mkulima

Ndugu msomaji wa Chanji, wewe unalima mahindi na maharage. Bila shaka unaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka juu, kisha linaongezwa kilemba. Lakini bei unayopewa ni ya gunia moja tu. Jasho lako linapotea hapo. Soma sasa habari za mtu aliyewasaidia wakulima wa pamba kupigana na hasara ya namna hiyo.

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Ikizu, sehemu za Musoma. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Baada ya kumaliza shule, alifanya kazi ya hesabu katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Mwaka 1947 akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza.

Wakati ule wakulima wa Usukuma waliuza pamba kwa wenye vinu. Mizani ilikuwa mikononi mwa mnunuzi. Mkulima asiyejua kusoma namba angejuaje uzito wa pamba yake? Malalamiko yalikuwa mengi. Basi wakulima walichanga fedha kidogo wakaweka wapimaji wao wenyewe. Mpimaji alisimama penye mizani na kuhakikisha uzito.

Bomani aliona kwamba mpimaji peke yake hatoshi. Aliwahimiza wakulima waanzishe vyama vijijini. Mwaka 1953 alikwenda Uingereza kusoma mambo ya ushirika. Mwaka 1955 vyama vingi viliungana kuwa chama kikuu kimoja, na Bomani akawa meneja wake. Chama cha kijiji kilinunua pamba ya wanachama. Chama kikuu kiliiuza. Makato madogo katika kila mauzo yalilipia gharama. Baadaye wakulima wakapata vinu vyao wenyewe. Chama hicho kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika.

Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha. Tangu 1972 hadi 1983 alikuwa balozi wetu Marekani. Alifariki mwaka 2005.

Je, ushirika uliendelea vizuri? Hapana, si wakati wote. Ulikua haraka. Wanachama wengi hawakuweza kukagua vitabu vya hesabu. Mwaka 1966 kamati ya serikali ilichunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta wizi na uongozi mbaya. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha.

Unaona, ndugu msomaji? Wakulima walijifunza kulinda mizani, lakini hawakulinda vitabu. Mnyonyaji anaweza kuwa mnunuzi kutoka mbali. Anaweza pia kuwa katibu mliyemchagua ninyi wenyewe.

Kwa hiyo, akija mtu na mpango wa biashara kijijini, muulize mambo matatu. Nani anashika mizani? Nani anaruhusiwa kuona vitabu? Faida inakwenda wapi? Asipojibu wazi, usitie fedha yako. Sasa unajua kusoma. Vitabu vya chama chako visome wewe mwenyewe.

Maswali
1. Kwa nini wakulima wa pamba waliweka wapimaji wao?
2. Ni kitu gani kilichoharibu vyama vya ushirika?
3. Je, hesabu za chama chenu husomwa mbele ya wanachama? Jadilini darasani.