John McLendon

John B. McLendon (5 Aprili 1915 – 8 Oktoba 1999) alikuwa kocha wa mpira wa kikapu kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa kama kocha wa kwanza wa vyuo kutwaa ubingwa wa taifa mara tatu mfululizo, na kama mmoja wa watu waliopambana na ubaguzi wa rangi katika mchezo huo.

Maisha ya awali

McLendon alizaliwa mjini Hiawatha, katika jimbo la Kansas. Alisoma elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Kansas, ambako mshauri wake alikuwa James Naismith, mtu aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891. Kwa kuwa alikuwa Mmarekani mweusi, hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo. Badala yake alijifunza ukocha kutoka kwa Naismith. Alihitimu mwaka 1936, akiwa mwanafunzi mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo chuoni hapo.

North Carolina na mechi ya siri

Mwaka 1940 alikuwa kocha mkuu wa chuo cha watu weusi mjini Durham, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha North Carolina Central. Wakati timu nyingi zilicheza polepole, yeye aliwafundisha wachezaji wake kushambulia kwa kasi na kuwakaba wapinzani uwanja mzima. Mbinu hizo zilihitaji pumzi, hivyo mazoezi yake yalikuwa magumu.

Wakati huo sheria za Kusini mwa Marekani zilizuia weupe na weusi kucheza pamoja, na vyuo vya weusi havikukaribishwa katika mashindano makubwa ya taifa. Asubuhi ya Jumapili, 12 Machi 1944, watu wengi wakiwa kanisani, timu ya weupe kutoka shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Duke ilifika kwa siri kucheza na vijana wa McLendon. Milango ilifungwa na watazamaji hawakualikwa. Timu ya McLendon ilishinda kwa pointi 88 kwa 44. Baada ya hapo wachezaji walichanganyika na kucheza mechi ya pili, weusi na weupe katika timu moja. Kama habari ingevuja, wote wangekuwa hatarini. Kisa hicho hakikujulikana na umma hadi miaka ya 1990.

Ubingwa wa taifa

Baada ya kufundisha Hampton kuanzia mwaka 1952, alihamia chuo cha Tennessee A&I mjini Nashville mwaka 1954. Safari hii njia ya kufika mashindano ya taifa ilikuwa wazi, kwa sababu chama cha NAIA kilikuwa kimeanza kupokea vyuo vya weusi. Timu yake, iliyokuwa na mchezaji Dick Barnett, ilitwaa ubingwa wa NAIA miaka ya 1957, 1958 na 1959.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1961 timu yake ya Cleveland Pipers iliingia katika ligi ya kulipwa ya ABL, naye akawa kocha mkuu mweusi wa kwanza katika ligi ya kulipwa. Aliacha kazi kabla ya msimu kuisha, kutokana na mvutano na mmiliki wa timu, George Steinbrenner. Mwaka 1966 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Cleveland State, akiwa kocha mkuu mweusi wa kwanza katika chuo kikuu chenye wanafunzi wengi weupe. Mwaka 1969 aliifundisha Denver Rockets kwa mechi 28 tu.

Heshima

McLendon aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Mpira wa Kikapu wa Naismith mwaka 1979, lakini kwa jina la mchangiaji wa mchezo. Aliingizwa tena kama kocha mwaka 2016, miaka 17 baada ya kifo chake.