Abu Huraira na haki ya mnyama uliyemfuga

JINA la Abu Huraira (RA) tunalisikia karibu kila Ijumaa khatibu anapopanda mimbari. Hadithi zilizopokewa kutoka kwake zinapita 5,300, na hakuna Sahaba aliyemfikia kwa wingi huo. Hata hivyo, wengi wetu hatujiulizi maana ya jina lenyewe. Abu Huraira ni baba wa paka mdogo.

Sahaba huyu alitoka kabila la Daus, huko Yemen. Kabla ya kusilimu aliitwa Abdu Shamsi, na kwa kauli iliyo mashuhuri jina lake la Kiislamu ni Abdurrahman bin Sakhr. Alikuwa akichunga mbuzi wa jamaa zake, na alikuwa na paka mdogo. Usiku alimlaza juu ya mti, na kukicha alikwenda naye machungani akicheza naye. Watu wakamwita kwa paka huyo, na jina likamganda mpaka kaburini. Mtume Muhammad (SAW), ambaye aliyabadili majina yenye maana mbaya, hili aliliacha, na mwenyewe alikuwa akimwita Abu Hirr, yaani baba wa paka.

Alifika Madina mwaka wa 7 Hijria (628), wakati wa vita vya Khaibar. Hakuwa na nyumba wala mali, akakaa Suffa, kwenye kipenu cha Msikiti wa Mtume pamoja na mafukara wengine. Njaa ilimfikisha mahali pa kujifunga jiwe tumboni. Mara nyingine alianguka karibu na mimbari, wapitao wakadhani ana wazimu, kumbe ni njaa tupu. Siku moja alikaa njiani akiwauliza wakubwa wa Masahaba juu ya aya, si kwa kuwa haijui, bali kwa kutaraji atakaribishwa chakula. Aliyeisoma njaa usoni pake ni Mtume (SAW). Akampa bakuli la maziwa awanyweshe kwanza watu wote wa Suffa, kisha naye akanywa mpaka akakosa nafasi tumboni.

Baadaye dunia ilimfungukia. Sayyidna Umar (RA) alimfanya gavana wa Bahrain, na baadaye alikaimu utawala wa Madina, ambako alionekana sokoni amejitwika kuni mgongoni. Alifariki kati ya mwaka wa 57 na 59 Hijria (676 hadi 679), akazikwa Baqii.

Sasa, ndugu msomaji, tazama mtu huyu aliyeijua njaa ametufikishia nini. Ni miongoni mwa waliopokea habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia ndani, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Ni yeye pia aliyetufikishia habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye khofu yake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Allah (SW) akamsamehe madhambi yake.

Wapo wanaodhani unajisi wa mbwa ni ruhusa ya kumtesa. Hao nao wajue kuwa hadithi ya kuosha mara saba chombo alichoramba mbwa imepokewa na Abu Huraira huyu huyu. Ndiye pia aliyepokea kuwa mwenye kufuga mbwa bila haja hupungukiwa thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa shamba au wa kuwinda. Wala hakuona mgongano wowote. Najisi huondolewa kwa maji na udongo, lakini kiu ya mnyama ni jambo jingine, na mja ataulizwa kwayo.

Kutokana na mafundisho haya wanazuoni wetu waliandika hukumu iliyo wazi. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza kuwa ni wajibu wa mwenye mnyama kumpa malisho na maji. Akikataa, hulazimishwa amuuze au amlishe, na kama ni mnyama wa kuliwa, anaweza pia kumchinja. Hakuachiwa njia ya kumweka na njaa. Kwa maneno mengine, kufuga ni hiari yako, lakini ukishafuga, kulisha si hiari tena.

Je, sisi wa mijini tunasimama wapi? Tunafunga safari ya sikukuu siku tatu, paka amefungiwa ndani na hakuna jirani aliyeachiwa ufunguo. Tunamfunga mbwa wa kulinda geti mnyororo mfupi, bakuli limekauka tangu asubuhi. Tunawatia watoto wa paka kwenye kiroba na kwenda kuwamwaga sokoni, kisha tunakwenda kuswali Ijumaa. Tunawanunulia watoto wetu ndege wa tunduni, wakimchoka hakuna anayekumbuka maji yake.

Tusijitetee kwa umasikini. Aliyetufikishia habari hizi alipitisha siku bila tonge. Asiyeweza kumlisha mnyama asimfungie. Amwachie ajitafutie au ampe mwenye uwezo. Yule mwanamke angefanya hivyo tu, lisingempata lililompata.

Tumuombe Allah (SW) atulainishe nyoyo na asitufanye miongoni mwa wenye kuulizwa kwa viumbe wasio na ulimi wa kushitaki. Amin.