Sheikh Kamaluddin al-Farisi na Adadi Mbili Zinazopendana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sheikh Kamaluddin Muhammad bin al-Hasan al-Farisi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa katika mafundi wakubwa wa ilimu ya hisabu katika nchi ya Uajemi. Alizaliwa mwaka 1267, miaka tisa baada ya Wamongoli kuivunja Baghdad, na watu wengi walidhani kuwa ilimu imezikwa pamoja na mji ule. Lakini ilimu haikufa. Kamaluddin alisoma kwa Qutbuddin al-Shirazi, na kwa uwongozi wake akakisherehesha kitabu cha Ibn al-Haytham juu ya nuru na macho. Alijaza maji katika tufe la kioo, akatazama mwanga uingiavyo na utokavyo, hata akabainisha sababu ya rangi za upinde wa mvua.

Kisha akaandika risala juu ya adadi zinazopendana. Nazo ni adadi mbili ambazo ukijumlisha vigawanyo vya moja, isipokuwa yenyewe, wapata ya pili. Na vya pili, wapata ya kwanza. Mfano wake ni 220 na 284. Vigawanyo vya 284 ni 1, 2, 4, 71 na 142, na jumla yake ni 220. Na vya 220 vikijumlishwa huwa 284.

Watu wa talasimu walizishika adadi hizi mbili, wakaziandika kwa kutaka mapenzi, wala hawakuuliza kwa nini ziko hivyo. Kamaluddin alishika njia ya burhani. Kabla yake Thabit bin Qurra, Msabai wa Harran aliyefariki Baghdad mwaka 901, alikuwa ameweka kanuni ya kuzipata. Kamaluddin akaithibitisha kwa njia nyingine: alianza kwa kueleza kuwa kila adadi hupasuliwa mpaka ikaishia katika adadi za awali, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi zake.

Kwa kanuni hiyo akaonyesha 17296 na 18416. Ya kwanza ni 16 mara 23 mara 47, nayo ina vigawanyo 19 bila yenyewe, na jumla yake ni 18416. Ya pili ni 16 mara 1151, ina vigawanyo tisa tu bila yenyewe, na jumla yake ni 17296. Ulaya zilikuja kujulikana kwa Fermat, Mfaransa, mwaka 1636.

Sheikh alifariki mwaka 1319. Basi na azingatie mwenye akili: mwenye kuandika adadi katika hirizi hana ila karatasi, na mwenye kuijua burhani yake amepata ilimu isiyoliwa na mchwa, naye huona jinsi Mola alivyokidhibiti kila kitu kwa hesabu.

Wallahu aalam.