Rutherford na Picha ya Mwalimu Wake

Kila aliyepita sekondari amewahi kuichora atomu: kiini katikati, elektroni pembeni. Mchoro huo tumeupata kwa sababu mtu mmoja alikubali kuiacha picha aliyoachiwa na mwalimu wake.

Ernest Rutherford alizaliwa New Zealand tarehe 30 Agosti 1871, mtoto wa nne kati ya kumi na wawili. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu na mkulima. Mwaka 1895 aliomba ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza, akapewa mwingine. Yule alipoukataa, ndipo ukamfikia Rutherford. Akaenda Cambridge, kwa mwalimu mashuhuri J. J. Thomson.

Mwaka 1897 Thomson aligundua elektroni, chembe yenye chaji hasi iliyomo ndani ya atomu. Kwa kuwa atomu nzima haina chaji, aliifikiria kuwa donge la chaji chanya, na elektroni zimepachikwa humo mithili ya zabibu kavu ndani ya keki.

Mwaka 1909 Rutherford alikuwa Manchester, tayari ana Tuzo ya Nobel ya kemia. Alimpa Ernest Marsden, mwanafunzi wa miaka 20, kazi ambayo haikutarajiwa kuzaa kitu: achunguze kama chembe za alfa zikirushwa kwenye bati jembamba la metali, ziko zinazorudi nyuma. Marsden alifanya kazi hiyo pamoja na Hans Geiger. Karibu chembe zote zilipenya. Lakini chache mno, kama moja katika 8,000, zilirudi.

Ingekuwa rahisi kusema kijana amekosea kuhesabu. Rutherford hakusema hivyo. Alijua kwamba donge laini haliwezi kurudisha chembe yenye kasi kubwa namna ile. Akalitafakari jambo hilo, akapiga hesabu, na mwaka 1911 akatangaza kwamba chaji chanya na karibu uzito wote wa atomu vimekusanyika katika kiini kidogo mno. Kama atomu ingekuwa na upana wa uwanja wa mpira, kiini kingekuwa kama punje ya ulezi katikati yake.

Picha yake nayo ilikuwa na upungufu. Haikueleza kwa nini elektroni hazianguki kwenye kiini. Niels Bohr, aliyefanya kazi naye, alianza kulijibu swali hilo mwaka 1913. Baadaye Rutherford alitambua protoni, na James Chadwick, aliyekuwa mwanafunzi wake, akagundua nyutroni mwaka 1932.

Mwaka 1919 Rutherford ndiye aliyerithi kiti cha Thomson Cambridge. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1937, akazikwa Westminster Abbey, London. Thomson alifuata mwaka 1940, akazikwa karibu naye. Kumheshimu mwalimu hakukumzuia kupima alichofundishwa, na kukipima hakukumwondolea mwalimu heshima yake.