Du Bois: Aliyeuchora Umasikini Ukaonekana

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Marehemu Dakta W.E.B. Du Bois, msomi mashuhuri wa Wamarekani weusi, aliishi akiamini kwamba hata dhuluma, isipoandikwa, hupotea vivyo hivyo.

Alizaliwa tarehe 23 Februari, 1868, mjini Great Barrington, jimbo la Massachusetts, utumwa ukiwa umekomeshwa Marekani miaka michache tu nyuma. Mwaka 1895 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata udaktari wa Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akaenda kufundisha Atlanta, jimbo la Georgia.

Huko, mwaka 1899, alifiwa na mwanawe ambaye hata miaka 2 hakuitimiza. Msiba haukumvunja. Yeye na wanafunzi wake walikusanya hesabu za maisha ya watu weusi, wakachora kwa mkono, kwa wino na rangi, michoro kiasi ya 60 ya kupelekwa kwenye Maonyesho ya Ulimwengu mjini Paris, mwaka 1900. Mwenyewe alivuka bahari katika daraja la chini kabisa la meli, na alitunukiwa nishani ya dhahabu.

Mchoro mmoja ulikuwa wa aila 150 za Atlanta. Waliopata dola 100 hadi 200 kwa mwaka walimaliza takriban zote kwa chakula, nguo, kodi ya nyumba na ushuru. Waliopata dola 1,000 na zaidi walibakiwa na kama nusu yake. Mchoro mwingine ulionyesha ardhi ya watu weusi wa Georgia ikipanda kutoka ekari 338,000 na ushei mwaka 1874 hadi zaidi ya milioni 1 mwaka 1899. Neema hiyo! Lakini jimbo zima ni ekari kiasi ya milioni 37, na weusi walikuwa karibu nusu ya wakazi.

Mwaka 1945 alihudhuria Mkutano wa Afrika Nzima mjini Manchester, alikokuwapo pia Mzee Jomo Kenyatta. Mwaka 1961 alihamia Ghana, na akafariki mjini Accra tarehe 27 Agosti, 1963, akiwa na miaka 95.

Siku hizi kompyuta huchora michoro kama ile kufumba na kufumbua. Lakini kompyuta haibishi hodi mlangoni kwa masikini kumwuliza amekula nini. Kazi hiyo ingali ya binadamu.