Charles Wheatstone na Mashindano ya Macho Mawili

Charles Wheatstone alizaliwa mwaka 1802 karibu na mji wa Gloucester, Uingereza, katika ukoo wa mafundi wa ala za muziki. Kazi ya mikono ndiyo iliyomfungulia mlango wa elimu. Alianza kwa kuchunguza sauti, akaendelea na umeme, na mwaka 1834 akawa profesa katika King's College, London. Hata hivyo alikuwa mtu mwenye haya nyingi. Kusema mbele ya hadhara kulimtaabisha, hata ikawa Michael Faraday ndiye aliyewaeleza watu baadhi ya uvumbuzi wake. Wheatstone aliviachia vifaa vyake viseme.

Mwaka 1838 aliieleza Royal Society habari za stereoskopu, chombo alichokiunda kwa vioo viwili ili kila jicho lione picha yake peke yake. Michoro miwili ya kitu kimoja, iliyotofautiana kidogo, ilionekana kuwa kitu kimoja chenye kina, kana kwamba chaweza kushikwa. Alichora mistari mitupu pasipo kivuli, ili pasiwe na shaka kwamba kina hicho kimeletwa na macho mawili.

Kisha alilionyesha jicho moja herufi S na la pili herufi A, kila herufi ndani ya duara. Duara lilitulia, lakini herufi hazikuungana. Moja ilionekana, ikavunjikavunjika, nyingine ikashika nafasi yake. Halafu ile ya kwanza ikarejea. Mtazamaji hakuweza kuchagua kwa nia yake ipi ionekane, ila picha yenye mwanga hafifu ilidumu muda mfupi zaidi. Leo tunafahamu kwamba mashindano hayo ni kazi ya ubongo, wala si kasoro ya macho.

Wheatstone alifariki Paris mwaka 1875. Sisi walimu twaweza kuifuata njia yake kwa karatasi moja tu. Mwanafunzi aikunje iwe bomba, achungulie kwa jicho la kulia, na aweke kiganja cha kushoto kando ya bomba, mbele ya jicho la kushoto. Macho yote yakiwa wazi, ataona tundu kiganjani. Mmoja atasema tundu limetulia, mwingine kwamba linafifia na kurudi. Tusimkemee yeyote kwa kuwa jibu lake halifanani na letu. Mtoto hachagui anachokiona; na akishaadhibiwa kwa kusema kweli, kesho atatutazama usoni kwanza ndipo ajibu.