Godfrey Chitalu: Mabao 107 yaliyokosa mwandishi

Siku hizi straika akifunga London, muda si mrefu pointi zinaingia kwenye simu ya kijana wa Mwazye aliyempanga kwenye timu yake ya fantasi. Bao halipotei. Godfrey Chitalu hakuipata bahati hiyo.

Chitalu alizaliwa Oktoba 22, 1947 huko Luanshya, mji wa migodi ya shaba nchini Zambia, majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Kalambo. Mashabiki walimbatiza jina la Ucar, zile betri za redio, kwa sababu ya nguvu zake uwanjani.

Alianza kutamba Kitwe United, kisha akahamia Kabwe Warriors. Hii ni Kabwe ya Zambia, siyo ile ya Nkasi. Mara tano alitwaa tuzo ya Mchezaji Bora wa Zambia, na hadi leo anatajwa kuwa mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa, akiwa na mabao 79.

Mwaka wa maajabu

Mwaka 1972 jamaa alikuwa hakamatiki. Kwa hesabu za Chama cha Soka Zambia (FAZ), alitupia mabao 107 ndani ya mwaka mmoja, ukijumlisha mashindano yote.

Mwaka huohuo, Gerd Müller wa Bayern Munich na Ujerumani Magharibi alifunga 85. Ya Müller yakaingia kwenye vitabu vya dunia. Ya Chitalu yakabaki nyumbani, kwenye kumbukumbu za Wazambia.

Safari ya mwisho

Baada ya kutundika daluga akawa kocha, na mwaka 1993 ndiye aliyekuwa akiinoa timu ya taifa. Aprili 27 mwaka huo, ndege ya jeshi iliyokuwa ikiipeleka timu Senegal kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia ilianguka baharini, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 walifariki, wakiwemo wachezaji 18. Chitalu alikuwa na miaka 45.

Walizikwa Lusaka, jirani na Uwanja wa Independence.

Jina larudi

Februari 2012, Zambia ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Fainali ilipigwa Libreville, mji uleule.

Desemba mwaka huohuo, Lionel Messi alimpita Müller na kumaliza mwaka na mabao 91. Dunia ikashangilia rekodi mpya. FAZ ikanyoosha mkono: vipi kuhusu Chitalu na 107 zake?

FIFA ikajibu kwamba haitunzi takwimu za ligi za ndani za nchi, hivyo haiwezi kuthibitisha. Haikusema Chitalu hakufunga. Ilisema tu kwamba haina pa kuyaangalia.

Ndiyo maana hadi leo namba 107 inatajwa na neno "inadaiwa" nyuma yake.

Kuna kijana anayefunga wikiendi hii kwenye ligi ya wilaya. Bao lake halitaingia kwenye simu ya mtu. Litabaki tu kama pembeni ya uwanja yupo mtu mwenye daftari, anayeandika jina, tarehe na dakika.